Mkwapuzi Yule ni Nani? Kuwatambua Ndege Waporaji wa Bahari ya Mombasa

Jioni moja ya Desemba nilikuwa nimekaa Mama Ngina, ukingoni mwa bahari ya Mombasa, kaskazi inavuma, mihogo inakaangwa nyuma yangu, macho nimeyaelekeza kwenye mlango wa bahari ambako meli hupita kuingia bandari ya Kilindini. Buabua mmoja, yule ndege mweupe mwembamba mwenye mkia wa panda, alikuwa anarudi kutoka upande wa mwamba na kisamaki kinametameta mdomoni. Mara likazuka dude jeusi kutoka chini, karibu kabisa na mawimbi, likamwandama. Buabua akikata kushoto, nalo kushoto. Akipanda, nalo linapanda. Halikuwa na haja ya kumkamata, lilikuwa linamchosha tu. Baada ya muda buabua akakiachia kisamaki, na kabla hakijagusa maji mkwapuzi akawa ameshakidaka.

Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa amekaa kando yangu akaniambia, "Huyo ndiye mwewe wa bahari, mwanangu. Kazi yake ni hiyo."

"Ni shakwe, mzee wangu, au ni mwengine?"

"Mwizi ni mwizi. Jina lake la nini?"

Nimelichukua swali hilo nikakaa nalo, kwa sababu ndilo linalowachanganya wengi wanaoanza kuwatazama ndege wa pwani. Mtu anaona ndege mweusi anampokonya mwenzake chakula, anafungua kitabu au simu, anakutana na picha ya skua, ndege mporaji wa bahari kuu, na palepale anaandika: nimeona skua Mombasa. Lakini kupora ni tendo, si jina. Pwani yetu ina waporaji wa jamii mbalimbali kabisa: shakwe, skua, frigati, furukombe, mwewe, hata kunguru. Wote wanajua kula kwa jasho la mwenzao. Anayetaka kuwatofautisha inabidi aache kwanza kutazama wizi, amtazame mwizi.

Na majina yetu yenyewe yanahitaji uangalifu. Ukisimama gati moja na wavuvi watatu, utasikia ndege mmoja akiitwa shakwe, membe na buabua. Mimi hapa nitatumia shakwe kwa wale wenye mwili mnene na mdomo mzito wanaotembea vizuri ufukweni na kula chochote, na buabua kwa wale wembamba wenye mdomo kama sindano wanaojirusha majini kichwa chini. Buabua ndiye anayeibiwa mara nyingi, maana anavua samaki wadogo na kuwabeba mdomoni, mbele ya macho ya kila mtu. Skua hana jina la Kiswahili lililozoeleka, na sababu yake ni nyepesi: hukaa bahari kuu, nje ya mwamba, na wengi wetu hatumwoni kamwe.

Tuanze na yule tunayemwona kila siku. Nenda mahali popote panaposhushwa samaki, uwasubiri wachuuzi waanze kupara na kutupa matumbo. Atashuka shakwe mmoja wa rangi ya chungu cha kuni. Wataalamu humwita Ichthyaetus hemprichii, mimi nitamwita shakwe wa masizi. Mkaribie taratibu, huwa hana woga mwingi. Kichwa chake kimevikwa kofia ya kahawia iliyoiva inayoshuka mpaka kooni. Juu ya jicho kuna kipande cha weupe kama mwezi mwandamo. Nyuma ya shingo, pale kofia inapoishia, kuna ukosi mweupe. Mgongo na mabawa ni kahawia ya majivu, tumbo jeupe. Mdomo ni mnene na mrefu kwa kichwa chake, wa manjano yenye ukijani, na kwenye ncha kuna nyeusi na nyekundu, kana kwamba alichovya kwenye achari. Miguu ni ya manjano iliyofifia. Huyu ni ndege wa magharibi ya Bahari Hindi: huzaa Bahari ya Shamu, Ghuba ya Aden, pwani za Uarabuni na visiwa vya kaskazini mwa pwani yetu. Ukimwonyesha mgeni kutoka Ulaya, atafurahi kuliko utakavyodhani, kwa kuwa kwao hakuna.

Shida yote iko hapa. Shakwe wa masizi akiruka mbali, jua likiwa usoni mwako, anaonekana mweusi mzima. Mabawa yake ni ya giza hata kwa chini, jambo ambalo si la kawaida kwa shakwe. Mtoto wake ni kahawia zaidi, hana kofia iliyokamilika, na kwa mbali hana lolote la kukuambia kwamba ni shakwe. Na anapora. Huwaandama buabua, huwanyang'anya shakwe wenzake, huiba mayai na vifaranga. Kwa hiyo ana rangi ya skua na ana tabia ya skua, na ndiye sababu kubwa ya "skua" wengi wanaoandikwa kimakosa kwenye pwani hii.

Sasa skua mwenyewe ni nani? Neno hilo limetoka lugha ya visiwa vya Faroe, kaskazini kabisa mwa Atlantiki. Jina lake la kisayansi, Stercorarius, linatokana na neno la Kilatini la mavi. Mabaharia wa zamani walimwona akiwafukuza ndege wengine mpaka wakaangusha kitu, naye anakirukia na kukila, wakadhani anakula vinyesi. Kumbe ndege aliyefukuzwa alikuwa anatapika samaki aliowameza ili apunguze uzito na kuokoa nafsi yake. Jina la kashfa likabaki hadi leo.

Skua ni jamii ya karibu na shakwe, ila maumbile yamempa silaha zaidi. Mdomo una ncha iliyopinda kama ndoano. Miguu ina utando kama ya bata, lakini vidole vinaishia kwenye makucha makali. Kuna aina saba duniani. Tatu kati yake, zile ndogo, huzaa kwenye nyanda za baridi za Aktiki, ambako wakati wa kiangazi hula panya wanene wa huko waitwao lemingi, mayai na ndege wadogo. Baridi ikianza wanaelekea kusini na kugeuka ndege wa baharini moja kwa moja. Wengine huingia Bahari ya Arabuni na Bahari Hindi, wakati ule ule upepo wa kaskazi unapoanza kuleta joto na maji safi kwetu. Skua wa pwani ya Kenya ni mgeni wa kaskazi, kama yalivyokuwa majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yaliyoshuka na upepo huo kuja Bandari ya Kale.

Ndiyo maana tarehe ni alama ya utambuzi sawa na rangi. Ndege mweusi mporaji unayemwona mwezi wa Januari anaweza kuwa skua. Ukimwona Agosti, kusi imepamba moto, anza na dhana kwamba ni shakwe wa masizi, kwa sababu skua waliokomaa wakati huo wako Aktiki wanalea. Wachanga wasiofikia umri wa kuzaa huweza kubaki kusini, kwa hiyo usiseme haiwezekani, lakini ushahidi wako uwe na nguvu mara mbili.

Tarehe ikikubali, swali la kwanza ninalojiuliza ni hili: weupe uko wapi?

Skua ana mng'aro mweupe karibu na ncha ya bawa, pale manyoya makubwa ya kurukia yanapoanzia. Akigeuka kwenye jua, mng'aro huo unawaka na kuzima kama mtu anayefungua na kufunga kiganja. Shakwe wa masizi hana weupe mahali hapo. Weupe wake uko kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, upande wa karibu na mwili, kama pindo la kanzu. Pindo hilo linaonekana kwa mbali sana akipinda. Kisha tazama mkia. Shakwe wa masizi mchanga ana kiuno cheupe na mkia wenye bendi pana nyeusi. Skua hana mchoro huo. Ukiwa umeona kiuno cheupe kisha bendi nyeusi, funga mjadala, huyo ni shakwe.

Yupo shakwe mwengine wa kuchunga, yule mkubwa mwenye mgongo wa kijivu kilichokolea anayekuja kutoka kaskazini wakati wa kaskazi na kujikusanya kwa wingi kwenye mdomo wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi. Watoto wake ni wa kahawia yenye madoadoa, na mtu aliyezoea shakwe wadogo anaweza kushtuka. Lakini huyo ni mzito, kifua kipana, hupiga bawa polepole, na mng'aro wa skua hana.

Halafu tazama mbio zenyewe. Sisemi tazama kama anapora, nasema tazama anavyopora. Shakwe wa masizi hufukuza kwa pupa, mara nyingi wawili watatu kwa pamoja, kelele nyingi, na mlengwa akikata kona kali mara mbili tatu hukata tamaa wakarudi kwenye matumbo ya samaki gatini. Skua hufukuza akiwa peke yake au wawili, kimya, chini karibu na maji, na kila kona ya buabua anaikata naye kama kivuli. Ana gea ya ziada. Unamwona anasafiri kwa utulivu, kisha ghafla anabadilika kuwa kozi, yule ndege mwindaji mwenye kasi. Mara nyingi hufanya hivyo. Lakini jioni ile ya Desemba ninayoisimulia, mbio zilikuwa za namna hiyo hiyo, na nitarudi kwenye yaliyotokea.

Ukishajua ni skua, kazi ya kujua ni skua gani ni nzito, na nakuomba usione haya kuishia njiani. Tatizo ni kwamba rangi yao haina msimamo. Kati ya wale watatu wadogo wa Aktiki, skua pomarini na skua parasiti wana sura mbili ndani ya aina moja: mmoja ana tumbo jeupe na utosi mweusi, ndugu yake ni mweusi mzima, na wanazaa pamoja bila tatizo. Wachanga huongeza mkanganyiko kwa kuwa na mistari mistari ya kahawia, na huchukua miaka kadhaa kabla ya kufikia sura ya utu uzima.

Wakubwa wakiwa na manyoya kamili, mkia unasema. Manyoya mawili ya kati hutokeza nje. Kwa pomarini ni mapana na yamejipinda, ncha yake kama kijiko. Kwa parasiti ni mafupi na yamechongoka. Kwa skua mkia-mrefu ni marefu membamba, yanapepea nyuma kama utepe. Lakini wengi wanaofika huku wakati wa kaskazi wamo katika kubadilisha manyoya, yale mawili yamekatika au hayajaota. Hapo unabaki na umbo. Pomarini ndiye unayetarajiwa zaidi kwenye bahari yetu, na ndiye mzito kati ya watatu: anaweza kufikia gramu 900, ana kidari cha mviringo, mdomo mnene wa rangi mbili, na mchanga wake mara nyingi huonyesha alama mbili za weupe chini ya bawa, moja kubwa na nyingine ndogo ya mwezi mwandamo kando yake. Parasiti ni mwembamba zaidi, mabawa yamechongoka, mruko wake ni wa kozi, na ndiye mwenye subira ya mbio ndefu. Mkia-mrefu ni mwepesi kuliko wote, mwili wake haumzidi sana buabua mkubwa, na mabawa yake kwa juu huonyesha mistari myeupe miwili tu, au mitatu, badala ya mng'aro mpana.

Jambo linalosahauliwa ni jua. Mama Ngina inatazama kusini-mashariki. Asubuhi jua liko mbele yako na juu ya maji, na kila ndege anakuwa kivuli, pindo la shakwe na mng'aro wa skua vyote vinapotea. Nenda baada ya sala ya Alasiri, jua likiwa mgongoni, utaona rangi zilizokufa asubuhi zimefufuka. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane, inatosha. Ya kukuza zaidi hutetemeka mkononi upepo ukikaza, na ndege anayekata kona hutoka nje ya duara kabla hujamweka sawa.

Waporaji wengine wa hapa hawana utata mwingi, ila mtu akiwa na skua kichwani anaweza kuwabadilisha. Mwewe anayezunguka juu ya feri ya Likoni ana mkia wenye panda ndogo anaousokota kila anapopinda, kama usukani, na hunyakua kwa miguu. Shakwe na skua hunyakua kwa mdomo. Hilo peke yake linatosha. Frigati hupita nadra, mara nyingi juu sana: mweusi, mabawa marefu membamba yaliyovunjika kama upinde, aina kubwa ikifikia zaidi ya mita 2 kutoka ncha hadi ncha, mkia wa mkasi. Manyoya yake hayahimili maji, hivyo hatui baharini kamwe, na ukiona ndege mweusi ameelea juu ya mawimbi, mfute kwenye orodha. Skua hupenda kuelea.

Neno furukombe wengi hulitumia kwa tai wawili. Kuna yule wetu wa kichwa cheupe na sauti ya kupasua mbingu, na kuna ospri, mgeni wa kaskazi, utakayemwona amekaa juu ya mti mkavu Tudor au Mtwapa, mstari mweusi umekata jichoni. Ospri ni mvuvi halali. Hujirusha miguu mbele, kidole cha nje hugeuka nyuma ili samaki ashikwe kwa vidole viwili mbele na viwili nyuma, na nyayo zina miiba midogo ya kuzuia utelezi. Akipata samaki humgeuza kichwa kielekee mbele ili asishindane na upepo. Furukombe mwenye kichwa cheupe, pamoja na heshima yote tunayompa, ni mpokonyaji mzoefu, na huwanyang'anya korongo, mnandi na hata ospri.

Hali ni nyepesi kwenye maziwa. Jamaa akikupigia kutoka Kisumu kwamba ameona ndege anapora wenzake Ziwa Victoria, mwulize kwanza kuhusu shakwe kichwa-kijivu, ambaye ni wa maji baridi na anapatikana pia Nakuru na Naivasha, kisha furukombe, kisha mwewe. Shakwe wa masizi hutamwona huko, ni wa maji ya chumvi. Skua wapo wanaokatiza nchi kavu katika safari zao, lakini ziwani Afrika Mashariki ni ajabu inayohitaji picha.

Kunguru nisiyemsahau ni yule mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 na kuonekana Mombasa tangu 1947. Huyu si ndege wa bahari, lakini amejifunza kazi zote za bahari. Humzonga furukombe mpaka ahame mti, na penye mayai hana huruma.

Na hapo ndipo naona jina lina uzito. Buabua wa aina kadhaa huzaa kwenye visiwa vidogo vya pwani yetu wakati wa kusi, kama kile cha Whale Island, Watamu. Hutaga juu ya jiwe au mchanga mtupu. Mayai yakitoweka na mtu akaandika kwamba skua wanayala, huenda amemshitaki asiyekuwepo, maana skua waliokomaa wakati huo wako Aktiki, na shakwe wa masizi au kunguru aliyekuwepo hakuna anayemtazama. Ulinzi wa kisiwa huanza kwa kujua nani anaingia.

Sasa niirudie jioni ile. Nilikuwa nimepiga picha nne. Tatu ni maji matupu. Ya nne ina ndege mweusi mwenye ukungu, bawa limeinuka, na kwenye ukingo wa nyuma, karibu na mwili, kuna mstari mweupe. Ncha ya bawa ni nyeusi mpaka mwanzo wake. Nilikuwa nimeshaandika "skua" kwenye daftari nikiwa bado pale pale, moyo unadunda, kwa sababu ya mbio zile safi. Nikakata mstari juu yake na kuandika shakwe wa masizi.

Mwezi wa Februari yule mzee alinichukua kwenye mashua yake, tukatoka nje ya mwamba alfajiri kufuata jodari. Buabua walikuwa wamejaa juu ya maji yanayochemka kwa samaki. Karibu saa tatu akanigusa bega. "Tazama yule aliyekaa." Ndege mnene wa kahawia alikuwa anaelea peke yake, mkia umeinuka kidogo. Tulipomkaribia akanyanyuka, mara moja tu akageukia jua, na mng'aro ukawaka kwenye mabawa yote mawili. Mkia hakuwa nao wa kusema chochote, manyoya ya kati yalikuwa yamekatika. Akaenda zake kusini, chini chini, hakumpora mtu.

"Huyo je?" mzee akauliza.

"Huyo ni skua, mzee wangu. Wa aina gani, hakunionyesha."

"Basi andika hivyo hivyo," akasema, akiutazama upepo. "Na uandike na saa."